Mama Mkwe Juu ya Magome

Siku za walowezi nilikuwa askari wa barabarani hapa Eldoret. Mimi na inspekta, Mzungu mmoja asiyecheka, tulisimamisha malori kwenye mteremko wa kuingia mjini, kabla ya mto Sosiani. Yeye alikagua breki, usukani na tairi. Mimi niliteremsha abiria waliokaa juu ya mizigo, maana haikuruhusiwa kujaribu breki watu wakiwa juu.

Asubuhi moja likaja lori la magome ya miwati, miti ya kutolea dawa ya ngozi, kutoka Turbo. Dereva wake alikuwa shemeji yangu, kaka ya mke wangu.

“Shemeji, leo niache nipite,” akaninong'oneza. “Nimembeba mama. Anakuja kumwona mtoto wenu.”

Jasho likanitoka. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, na sasa ilinibidi nimwamuru ashuke, miguu ikining'inia mbele yangu. Nikawapa mgongo, nikapaza sauti: “Abiria wote chini!”

Wengine wakashuka. Nikamsikia mama akisema huko juu, “Mwambieni huyo askari aende mbali kwanza.”

Nikaenda mbali. Inspekta akaniuliza kama nimelewa.

“Hapana, Bwana. Mama mkwe wangu yuko juu ya lori.”

Hakuelewa, lakini akangoja. Mama aliposhuka na kuketi nyasini na wenzake, inspekta akamwambia shemeji aliachie gari literemke kidogo, kisha akanyage breki. Akakanyaga. Lori likaendelea tu, taratibu, halafu likashika kasi. Shemeji akakata kona, likapanda kichuguu na kulala ubavu. Magome yakatapakaa barabara nzima. Shemeji akatokea dirishani akiwa mzima. Mama alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Abiria waliingia mjini kwa miguu. Mama alifikia kwa jirani yetu wa kanisani, maana kwangu hangeweza kulala, na mke wangu akampelekea mtoto huko. Shemeji alininunia mpaka tajiri wake alipolitengeneza lile lori. Alisema nilimwaibisha mbele ya mama yake.

Mama hakusema neno lolote juu yangu, hata kwa binti yake. Ila siku ya kurudi Turbo, shemeji alipomwambia apande lori, alikataa. Akaenda na treni.