Mluzi wa Gari la Kabiru

Mama yake Weldon alikuwa na njia yake ya kujua ni nani anakuja. Nyumba yake iko juu kabisa, ng'ambo ya Njoro, pale barabara inapoacha kuwa lami, ikawa kokoto, kisha ikawa maombi tu. Gari la Kabiru likifika kwenye kona iliyo chini ya kilima, turbo yake ilipiga mluzi mwembamba kama birika linalochemka, na mama akisikia alitia majani kwenye maziwa. Gari la Weldon likifika kona hiyo hiyo, mama alivaa gamboti. Alijua ataitwa kusukuma.

Kilichomchoma Weldon zaidi ni kwamba shida hiyo alijiletea mwenyewe. Yeye hushona viti vya magari kwenye kibanda pale Section 58, mjini Nakuru, na Kabiru ni jirani yake, muuza chipsi mwenye kitambi cha heshima. Weldon ndiye alimpeleka kwa mama akanunue viazi moja kwa moja shambani. Akamwonyesha njia, akamwonyesha mlango, akamwonyesha mpaka mbwa ili asimbwekee. Tangu hapo Kabiru hupanda kila wiki, na mama akishuka mjini hupewa kiti cha mbele. Kiti chenyewe, cha ngozi nyekundu na uzi mweupe, kilishonwa na Weldon. Alikuwa amemtengenezea mwizi wa mama yake mahali pa kumkalisha.

Halafu kukawa na siku ya kuku. Weldon alikuwa anampandisha mama na mizigo yake, gari likafika katikati ya kilima likaanza kuhema. Hewa ya huko juu ni nyepesi, na injini inayojivutia pumzi yenyewe huko hufanya kazi kama mzee mwenye pumu.

"Mama, hebu shuka kidogo tupunguze uzito."

Mama alishuka na kuku wake kwapani, akatembea. Gari lilipofika langoni, lilimkuta mama ameshamfungua kuku na anapiga gumzo na jirani.

"Umefika?" akamuuliza mwanawe, kwa upole mbaya sana.

Mwaka huu Jebet, dadake Weldon anayefanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha, akapata mtoto, na siku ya ubatizo ikatangazwa. Weldon akampigia mama simu wapange safari.

"Usijisumbue," mama akasema. "Nitaenda na Kabiru."

"Mama! Mtoto wa dada yangu anabatizwa, halafu upelekwe na mtu wa chipsi?"

"Gari yake haijawahi kuniambia nishuke."

"Nikipanda hicho kilima na wewe ndani, na mzigo juu, nani atakupeleka?"

"Panda kwanza," mama akasema, na kukata simu.

Basi ikawa ni turbo. Weldon hakutaka turbo ya kushindana na watu barabarani. Alitaka ile ya kumrudisha mama. Habari zikafika kwa Kabiru, maana Section 58 haina siri, na Kabiru akapita kibandani na pakiti ya chipsi mkononi.

"Niaje boss. Nasikia unaweka turbo."

"Kwani iko na mwenyewe?"

"Zii, weka tu. Lakini injini yako haikuzaliwa nayo. Ambia fundi aweke presha ya chini. Na ukishamaliza kupanda, usizime mara moja. Wacha ingurume kidogo ipoe."

Weldon alimtazama tangu kitambi hadi viatu. Akajisemea: huyu ameona miluzi itakuwa miwili, sasa anatetemeka. Na kuhusu hiyo habari ya kungurumisha, alikuwa ameiona sana. Kabiru akifika kwa mama haingii. Hukaa kwenye gari mbele ya lango, injini inanguruma, kama bwana harusi anayengoja kuimbiwa. Maringo matupu.

"Asante, daktari wa viazi," akasema.

Fundi Mwaura, mwenye gereji upande wa viwandani, alimpatia turbo iliyong'olewa kwenye gari la Japani lililogongwa. Akamweleza kazi yake: moshi unaotoka kwenye injini unazungusha kipangaboi, yaani feni ndogo, nacho kipangaboi kinasukuma hewa kurudi ndani, injini inapata pumzi ambayo kilima kiliinyima. Mafuta ya injini hupita humo humo kukituliza, kwa sababu kinapata moto kama kaa. Weldon aliitikia kila kitu kwa kichwa na kuuliza swali moja.

"Itapiga mluzi?"

"Kama ndege," akasema Mwaura.

Ilipiga. Siku ya kwanza alipochukua ile kona ya chini, gari lilivuta pumzi, likalia wiii, likapanda kilima kama limetumwa na chifu. Kule juu mama akatia majani kwenye maziwa, akafuta mikono, akatoka mbio mpaka langoni.

"Ah," akasema. "Kumbe ni wewe."

Hiyo "ah" Weldon aliibeba mpaka Nakuru. Akarudi wiki iliyofuata, na nyingine baadaye, kufundisha sikio la mama. Kila mara alikipanda kilima kwa fujo zote, akafunga breki langoni, akazima injini papo hapo vumbi likiwa bado hewani, na kuingia jikoni moja kwa moja kuona kama chai imewekwa. Yeye si mtu wa kukaa nje akinguruma ili majirani wamwone.

Mkesha wa ubatizo alimchukua mama Njoro, akitoka kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, na gunia la unga juu. Kilima kikaja. Gari likapiga mluzi. Mama akashika mlango kwa mikono miwili.

"Weldon! Inapanda!"

"Nilikwambia nini?"

"Na sijashuka!"

Langoni akazima kwa mbwembwe. Mama akasema kesho asubuhi atakuwa tayari, na atakaa mbele. Weldon alilala kwa mama usiku huo, usingizi wa mtu aliyeshinda kesi.

Asubuhi mama alitoka na gauni jeupe na kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha, kilichofungwa kitambaa. Weldon akawasha. Mluzi haukuja. Ulikuja mlio wa chuma kusaga chuma, kisha moshi wa buluu ukajaa boma zima, kuku wakatawanyika, mama akafunika kibuyu kabla hajafunika pua. Weldon akampigia Mwaura.

"Ulikuwa unaipoesha kabla ya kuzima?" Mwaura akauliza.

Weldon akakata simu. Nyuma yake alisikia mama akiongea kwenye simu yake. "Kabiru wangu, umeamka?"

Wangu!

Jua lilikuwa limepanda vizuri mluzi uliposikika kwenye kona ya chini. Kabiru akafika, akasimama, na kama kawaida yake hakuzima. Mama alishatoka na kikombe cha chai, akaegemea dirisha, na hao wawili wakazama kwenye mazungumzo kama watu wa ndoa moja.

"Mbona hazimi?" Weldon akauliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu na hataki kulisikia.

"Si lazima ipoe?" mama akasema. "Nami huja kumpigia stori mpaka ipoe."

"Stori za nini?"

"Mambo yetu. Huu mguu wangu, vile baridi inausumbua."

"Mguu gani?"

"Sasa wewe ungejuaje? Ukifika unazima, unaingia kutafuta chai."

Kabiru alitazama usukani. Hata kumcheka hakumcheka, jambo ambalo Weldon aliliona kama tusi la ziada.

Weldon alipanda nyuma na kibuyu mapajani. Kuanzia Njoro mpaka Gilgil alitazama kisogo cha mama kikiegemea ngozi nyekundu, na uzi mweupe alioupitisha kwa mkono wake mwenyewe.

"Mathe husifu sana hii kazi yako," Kabiru akasema.

"Angalia barabara," Weldon akajibu.

Walipofika Naivasha, Jebet akatoka nje na mtoto, watu wakapiga vigelegele. Kabiru akaegesha, akaacha injini ingurume. Mama hakushuka, alijigeuza kidogo kumwelekea Kabiru, kama mtu aliyezoea. Weldon alikuwa ameshafungua mlango na kutoa mguu mmoja nje. Akaurudisha. Kabiru hangepata hizo dakika peke yake, si leo.

"Mama," akasema, akijipenyeza katikati ya viti viwili mpaka bega lake likamziba Kabiru. "Huo mguu ni wa kushoto ama wa kulia?"

Mama akageuka nyuma.

"Funga mlango kwanza," akasema. "Unaingiza baridi."