Ngoma ya Ngazi ya Saba

Shangazi yangu anafundisha ngoma katika chuo cha ualimu, kile kile ambacho mimi nilikiaga mwaka wa pili kwa makubaliano: sikukitaka, nacho hakikunitaka. Wanafunzi wanamwita Bi Tena, kwa sababu ndilo neno lake. Ukikosea, tena. Ukipatia, tena, tuone kama ulibahatisha.

Muhula ule aliwapa kazi moja: tungeni ngoma ya mahali hapa. Wiki ya kwanza wakamletea madudu. Mmoja akajifanya mlango, wengine wakaunganisha mikono wakawa paa.

"Sitaki mlango," akasema. "Mlango naujua, kila siku unanibana vidole. Nionyesheni mwili wa mtu anayepita mlangoni. Tena."

Wakaenda kujichunguza: wanavyojikunja kwenye madawati ya saizi ya chekechea, wanavyoinamisha vichwa wakipita dirisha la mkuu wa chuo. Wiki ya tatu wakaleta kipande cha kupanda ngazi za kwenda madarasa ya juu. Watu kumi na wawili, vitabu kifuani, wanapiga soga. Wakifika hatua ya saba, wote wanainua mguu juu zaidi bila kuangalia chini, bila kukatiza maneno. Hakuna aliyewafundisha. Ngazi ya saba ina ufa tangu enzi zangu, nondo zinachungulia, na kila aliyesoma pale huivuka hata usingizini.

 Siku hiyo shangazi hakusema "tena".

Sasa, mkuu wa chuo alikuwa ameshaiandikia bodi kwamba ngazi zimetengenezwa. Bodi ilikuwa inakuja Ijumaa kutazama ngoma na kukagua majengo, na mkataba wa shangazi ulikuwa unaisha Ijumaa hiyo hiyo. Jumatano mkuu akaja mazoezini, akasimama mikono nyuma.

"Hapo katikati wanaruka nini?"

"Ngazi ya saba, mkuu," akajibu msichana mrefu wa mstari wa mbele, ambaye mdomo wake Mungu alisahau kuutia breki.

Mkuu akatabasamu kwa meno tu. Akamvuta shangazi pembeni.

"Mwalimu, hako karuko katoe."

"Nikatoe kwenye ngoma au kwenye ngazi?"

"Mkataba wako uko mezani kwangu, dada yangu, na sijausaini. Usinichekeshe."

Siku hiyo shangazi hakula. Baba yangu, kaka yake, akamwambia, "Unalea watoto watatu peke yako. Ngoma hata mwakani itachezwa. Katoe."

"Nitakatoa," akasema, akasukuma sahani. "Lakini usinisifu."

Alhamisi wakajaribu. Akili inasema kanyaga, mguu unasema ng'o. Msichana mrefu akajikwaa kwenye sakafu iliyonyooka kama meza.

"Mwalimu, si wewe uliyesema mwili usidanganye?"

"Nilisema. Tena."

Ijumaa wakacheza bila kuruka. Walipanda kama mbao kumi na mbili. Bodi ikapiga makofi ya adabu, na mkuu akawaalika wageni madarasa ya juu.

Ngazi zilikuwa zimetandikwa zulia jekundu asubuhi ile. Shangazi na wanafunzi wake walikuwa nyuma ya msafara, na mimi nilikuwa nimejipenyeza, nimevaa shati la mhitimu. Mkuu akatangulia, uso kawageuzia wageni, akieleza ukarabati ulivyokwenda vizuri. Nne. Tano. Sita. Akainua mguu juu, akaivuka ya saba, akaendelea na sentensi yake. Yeye hakujua alichofanya. Sisi tulijua.

Nyuma yake mwenyekiti wa bodi, mama mnene mwenye miwani ya kamba, alikuwa ameshafika ya sita. Mguu wake ukaanza kunyanyuka, kwa urefu wa kawaida tu, urefu wa mgeni. Zulia lililala juu ya ufa kama shuka juu ya mgonjwa. Pengine ngazi ingehimili. Mwezi uliopita kipande cha ukubwa wa tofali kilidondoka. Nikamtazama shangazi. Mkuu naye alikuwa anamtazama shangazi, hatazami zulia.

"Mama, usikanyage hapo."

Shangazi hakupaza sauti, lakini msafara mzima ulisimama. Mguu ukabaki hewani.

"Kwa nini?"

"Mkuu amepavuka. Muulize yeye."

"Huyu mwalimu ana matatizo yake," mkuu akaanza.

Mwenyekiti akarudisha mguu kwenye ya sita, akainama taratibu kwa pumzi nzito, akafunua zulia. Akaziona nondo. Akaona na korido ya chini kupitia ufa. 

"Na ile ngoma," akauliza bila kugeuka, "ndivyo ilivyotungwa?"

"Hapana, mama. Nilitoa hatua moja. Niliogopa."

"Irudisheni. Nataka kuiona."

Wakaicheza pale pale koridoni, bila kupigiwa chochote, na ilipofika hatua ya saba miguu kumi na miwili ikapanda kama iliyofunguliwa kamba. Mkuu alibaki juu peke yake, hajui ashuke au akae.

Mkataba wa shangazi ulisainiwa na bodi yenyewe: mwaka mmoja, si miwili aliyoomba, maana mtu anayesimamisha msafara wa wageni hapewi vyote. Ngazi zikafungwa. Siku hizi chuo kizima kinazunguka nyuma ya jengo ili kupanda juu, dakika nne nzima, na kila anayechelewa darasani anamlaumu shangazi.