Gari Jeusi la Galal

Watu wa Kairo wanadhani vumbi linafutwa, ndiyo maana magari yao meusi yamechakaa kabla ya siku zake. Vumbi ni mchanga, na mchanga ukiusugua unakata. Ami Dahi, bawabu wa jumba moja la Shubra, alikuwa amechoka kubishana nao. Alfajiri alimwaga maji polepole kuanzia juu ya paa, akayaacha yateremke na mchanga wao, ndipo akapitisha kitambaa laini bila kukandamiza, akikigeuza kila kilipochafuka. Mgongo ulimuuma, na magoti ndiyo usiseme.

Magari mengine aliyaosha kwa kuwa ndiyo kazi. La Galal aliliosha kwa ahadi. Galal alipohamia Kanada, mama yake, Hajati Ismat wa ghorofa ya tatu, alimwambia Dahi: "Nitunzie gari hili hivi hivi, mpaka mwanangu azichukue funguo mkononi mwako. Hapo nenda kwenu Sohag ukapumzike, sitakuzuia."

Dahi alikubali akidhani ni mwaka mmoja. Wapi. Mkewe amezeekea huko Sohag akimsubiri, na wajukuu wanamjua kwa sauti ya simu tu. Kila asubuhi Hajati huteremsha kikapu kwa kamba kutoka roshani, ndani mna kitambaa safi na chai, kisha huketi kulitazama gari likioshwa.

Juzi Galal akaja kweli. Khamsini, ule upepo wa mchanga wa jangwani, ulikuwa umevuma usiku kucha, mtaa mzima umegeuka rangi ya unga wa dengu. Dahi alikuwa amesimama na ndoo yake, funguo mfukoni, nguo zake zimeshafungwa begini.

"Ami Dahi, bado upo?" Galal akamkumbatia. "Na hili nalo bado lipo?"

"Lipo, bwana, halina hata alama. Ngoja kwanza nilimwagie ma..."

Galal alikuwa ameshavuta mkono wa koti hadi kiganjani, akalipangusa boneti kavu kavu, mara moja, kama mtu anayefuta meza ya mkahawa. Dahi aliusikia mchanga ukikwaruza.

"Kuukuu hili, nani atalipanda siku hizi?" Galal akacheka. "Mimi Jumapili narudi. Liache hapa hapa, mama anapenda kulitazama."

Dahi akamnyooshea funguo. Galal akamkunja vidole juu ya funguo hizo, kwa upole kabisa, akapanda ngazi.

Jumatatu, Galal ameshaondoka, Dahi akamwaga maji kama kawaida. Vumbi likaenda, michirizi ikabaki. Kikapu kikashuka kitupu.

"Dahi," Hajati akaita kutoka juu, "nani kalikwaruza?"

"Mimi, Hajati. Mkono uliteleza. Uzee huu."

"Mwongo we. Nilikuwa nimekaa hapa hapa." Akakitikisa kikapu. "Zitie funguo humo. Nenda kwa mkeo, baba, usinisubirie tena."

Akazitia. Kikapu kikapanda kwa kusuasua. Siku hiyo aliiomba miaka yote, na sasa ilipofika alikuwa amechoka mno hata kufurahi. Angeweza kuondoka palepale. Lakini upande mmoja wa gari ulikuwa bado na vumbi, akachota maji tena, akaumaliza taratibu bila kukandamiza. Alipoinua macho kumuaga Hajati, kiti cha roshani kilikuwa kitupu.