Taa Zilizomulika Juu

Siku tuliyopeleka mahari ya kaka yangu, mimi ndiye niliyeendesha pikapu ya baba, yenye turubai juu ya mzigo. Tulitoka Matisi asubuhi yenye ukungu mzito, tukielekea kwa wakwe karibu na Kibabii. Walikuwa wametuonya kwamba saa nne ikipita tutarudishwa na vitu vyetu, tupange siku nyingine. Kaka alikaa katikati na suti yake, shangazi dirishani. Mimi napenda kuendesha kwa sababu dereva halazimiki kuongea.

Shangazi ndiye aliyepanga mzigo. Kwetu macho ya wakwe huanza kazi mara tu mlango wa nyuma unapofunguliwa, kwa hiyo magunia ya sukari na unga aliyabananisha yote huko mlangoni. Ndizi na blanketi akazisukuma mbele.

Kila gari tulilokutana nalo lilitupigia taa. Nikafurahi. Tulikuwa tumefunga utepe mweupe, nikadhani tunapongezwa. Kusalimia watu naona haya, lakini kwa taa ni rahisi: nikawa napandisha taa ziwe fulu, kisha nazishusha dimu. Shangazi akapunga mkono.

"Ona vile watu wako na heshima, bana."

Karibu na mji wa Bungoma, askari mmoja mama akatusimamisha.

"Kijana, weka dimu."

"Nimeweka, afande."

"Hii ni dimu? Unamulikia ndege? Sheria inataka ukikutana na gari ushushe taa, usimpige mwenzako macho."

"Si azime tu?" shangazi akasema.

"Azime na ukungu hii? Hiyo ni kosa ingine, mama. Hamtoki hapa mpaka hiyo taa ishuke."

Kaka akatazama saa. Nikazunguka nyuma. Tairi za nyuma zilikuwa zimelala, na pua ya gari imeinuka kama mtu anayenusa mvua. Magunia ndiyo yaliyoinua taa. Nilijua la kufanya, ila kumwambia shangazi ndiko kulikonishinda. Kaka akanitazama kwa macho ya kuomba.

"Shangazi," nikasema polepole, "magunia yaende mbele."

"Ati nini? Wafungue waone ndizi?"

"Ama tuchelewe, wasione kitu."

Askari akacheka mpaka akashika kofia. Shangazi akanikazia macho, kisha akavua viatu vyake vipya, akapanda juu ya mzigo.

"Vuteni basi! Mnangoja nini?"

Tulipomaliza, pua ikashuka, mwangaza ukalala barabarani.

"Endeni mkaoe," askari akasema.

Tulifika wakwe wakiwa bado wanapanga viti. Mlango ulipofunguliwa, kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa viatu vya shangazi, alivyovisahau juu ya ndizi. Akina mama wakaangua kicheko.

"Mahari ni viatu?"

"Pandeni ndani," shangazi akajibu, miguu mitupu. "Vizito tumewafichia."

Wakapanda, na vigelegele vikaanzia humo ndani.

Jioni tulirudi na pikapu tupu, taa zikitazama chini. Hakuna gari lililotusalimia. Shangazi aliyapungia magari mkono hata hivyo.