Kilio mu Lupango Yangu

Mimi sikumaliza hata darasa la tatu, lakini nilijua kazi, nilijua Bazungu, nilijua kila kona ya Élisabethville. Hakuna kintu kingeweza kunishangaza. Ndiyo maana nilinunua lupango, kiwanja changu mwenyewe, mu Kamalondo, na nyumba yake ya vyumba mbili, mbele ya benzangu bote ba kazi mu atelier.

Feza ilitoka mu kitemo. Tulikuwa bantu munane. Kila mwisho wa mwezi tunachanga, mumoja anabeba yote. Mimi nilibeba wa kwanza, nikabakia na deni. Fundi wa nguo mwenye alipanga mule ndiye angenilipa, nami nilipe benzangu. Asipolipa, batoto bangu balale njaa. Asubuhi ya kwenda kukamata ile feza, nikapanda kinga, baisikeli yangu, nikaenda Kamalondo.

Kufika, nasikia kilio. Mama ya fundi alikufa kule kwabo, na bantu bamejaa kiwanja.

"Baba lupango huyu!" shangazi yake akapaza sauti. "Mumupe kiti! Baba, kuni haiko, unga haiko, kahawa haiko. Tulikuwa tunakungojea weye tu."

Huku mujini, mbali na ukoo, mwenye lupango ndiye muzazi wa benye kulala mule. Ningedai feza namna gani? Nikatoa yenye ilikuwa mu mufuko.

"Ulienda kuleta feza ao kupeleka?" bibi yangu, mama ya batoto, akauliza nilipofika kwetu.

Nikauzisha kinga yangu ya kuendea kazi, nikalipa kitemo. Kuongeza kuni, unga na kahawa juu ya bei ya kununua, ile lupango ilinigharimu falanga elfu ine mia tatu makumi mbili.