Weka ya Fundi Othman

Mnanisumbua bure. Kila mwenye shule yake anapanda hapa Kimuli kuniambia, "Bibi, andika habari za Fundi Othman," kana kwamba kalamu ni mwiko wa kusongea ugali. Nakataa, mnarudi. Haya, naandika, maana mkiandika ninyi mtasema alizaliwa anajua kufundisha. Uongo! Alizaliwa na mkono wa kushona tu. Kufundisha alikwenda kufundishwa.

Enzi za Mdachi, Othman bin Zubeiri alitoka pwani akafungua duka hapa Kimuli. Kibarazani aliweka cherehani cha mkono, kilichopanda vilima kutoka Bukoba kichwani mwa mpagazi. Na huo mkono wake, jamani! Kanzu yake ikipita njiani, watu waliacha kupalilia migomba waitazame. Lakini kila aliyekuja kujifunza kwake alikimbia. Wa Kibingo akakimbia, wa Songambele akakimbia, akabaki Katabaro, Mnyambo wa hapahapa, mwenye mke na shamba, mbishi kama kisiki, Kiswahili chake bado kibichi.

Othman hakuwa na mtoto wa kumrithisha kazi. Shufaa mkewe, mzaliwa wa hapa, hakumficha. "Huyu naye akikimbia, mume wangu, wewe na ufundi wako tutawavika sanda moja."

Basi sikiliza walivyokuwa wakifanya. Othman anazungusha gurudumu, Katabaro anashika merikani chini ya sindano. Kitambaa kikifika penye kona, Othman anapaza sauti, "Weka! Weka hapo!" Papo hapo Katabaro anaachia! Mshono unakwenda upogo kama njia ya mbuzi. Kofi!

"Nasema weka, wewe unaachia! Hayo masikio au majani ya mgomba?"

"Waitu, fundi wetu, si nimefanya ulivyosema?"

"Na ubishi juu!" Kofi la pili.

Mwisho Katabaro akasimama. "Fundi, mke wangu ananiuliza kama nimekuja kushona au kuwa ngoma. Mimi narudi kwenye migomba yangu. Yenyewe hainipigi."

Wakati huohuo ikaja habari kwamba mafundi wenye wanafunzi wanaitwa Bukoba, kwa Mwalimu Abdallah, aliyesomea ualimu pwani, wajifunze namna ya kufundisha. Othman alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Nifundishwe mimi, na mtu asiyejua kutia uzi kwenye sindano!"

Shufaa alikuwa ameshafunga mzigo. "Nenda. Katabaro nitamwomba angoje mvua ziishe. Ukirudi vilevile, ajiendee zake."

Akaenda, amenuna njia nzima.

Kule Bukoba Mwalimu Abdallah hakumgusia cherehani hata kidogo. Alimkabidhi kwa mhunzi mmoja wa Kihaya, akamwambia, "Leo fundi huyu atakufundisha kuvukuta moto." Mhunzi akaanza kufoka maneno yake ya kazi, haraka haraka, Othman huku anavuta, huku anasukuma, majivu yakamrukia machoni, moto ukazimika. Mhunzi akamwita mzembe mbele ya watu.

Othman akawaka kuliko ule moto. "Usinifokee! Mimi si mzembe, sijasikia ulichosema!"

Mwalimu Abdallah akapiga makofi kwa furaha. "Haya, Fundi Othman, sema tena! Sema kwa nguvu, wakusikie mpaka Kimuli!"

Kibanda kizima cha mhunzi kilivunjika kwa kicheko. Othman peke yake hakucheka. Alisimama na majivu usoni, moyoni akamwona Katabaro wake akila makofi. Toka hapo alishika mafunzo kama mtu aliyeshika mkia wa ng'ombe kwenye mafuriko: kuikata kazi vipande, kuonyesha kabla ya kusema, na kubwa kuliko yote, kumuuliza mwanafunzi amesikia nini kabla ya kumwita mjinga.

Aliporudi, mvua zilikuwa zimeisha, msimu wa senene umepita, na Katabaro alikuwa kibarazani, ameketi upande upande, tayari kuondoka.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Keti vizuri. Nikikwambia weka, wewe unasikia nini?"

Katabaro akamtazama kama mtu anayetegwa. "Nasikia reka."

"Na reka ni nini?"

"Kwetu? Ni acha! Achia! Waitu, si ndiyo maana naachia?"

Ndani Shufaa alidondosha chungu. "Reka! Ehe, Othman! Makofi yote yale mtu anakutii!"

Othman aliushika mkono wa Katabaro, akauweka juu ya merikani, akaubana. "Hii ndiyo weka." Akauinua. "Hii ndiyo reka. Sasa nifundishe wewe." Katabaro akarudia, akizungumza kwa mikono na mdomo, na fundi akawa mwanafunzi. Kisha gurudumu likazunguka, kona ikafika. "Weka!" Katabaro akabana! Mshono ukakata kona ukanyooka kama uzi wa buibui!

Shufaa akatoka na kigelegele na buni za kutafuna. "Basi sanda itakuwa yako peke yako, mume wangu!"

Wa Songambele alirudi, wa Kibingo akaleta na nduguye, na Katabaro ndiye aliyewapokea, swali lake mdomoni: "Umesikia nini?" Mtoto wa Katabaro alinishonea hili gauni nililovaa. Tazameni pindo!

Nimemaliza, sasa zamu yako. Tafuta mtu asiyejua kushona, mfundishe kupinda pindo, na kabla hujamgombeza muulize amesikia nini. Halafu niletee hilo pindo hapa Kimuli. Maneno sitaki, nataka pindo, na mimi ndiye nitakayelikagua.