Nusu ya Mrefu

Mdogo wangu tunamwita Pampu, kwa sababu anatengeneza pampu za maji. Ukikutana naye njiani ana spana mfuko wa nyuma na grisi mpaka masikioni, na akikusalimia anakupa kifundo cha mkono badala ya kiganja ili asikuchafue. Shule tuliishia wote darasa la saba. Lakini akiweka sikio kwenye bomba anakwambia maji yamekwama wapi, na ukichimba unakuta pale pale.

Ana tabia moja ya ajabu: kila anachopata anakigawa nusu. Tulizaliwa wawili tu, mkate ulikuwa mmoja, na amri ya mama ilikuwa huyu akate, yule achague. Mimi amri hiyo niliiacha nilipoolewa, maana mume niliyempata alikuwa anakata mwenyewe na kuchagua mwenyewe. Pampu hajaiacha mpaka leo. Sabuni anakata nusu. Sigara, enzi zake za kuvuta, alikata nusu. Mke wake alipochoka akaondoka aliniambia, "Wifi, huyu mdogo wako angeweza kunikata na mimi nusu, ampelekee jirani." Tangu hapo anakaa chumba changu cha uani.

Basi wakamwita kazini nchi ya joto, mbali huko bondeni, penye misitu na mito, akafufue pampu zilizokufa. Sisi tunaishi juu, kwenye baridi. Mbu kwetu ni mgeni aliyepotea njia. Pampu alikuwa aende na mwenzake wa siku zote, tunayemwita Mrefu, jitu linaloingia kila nyumba limeinama kama linatafuta kitu kilichodondoka.

Niliwapeleka mwenyewe kwenye kliniki ya wasafiri, kwa sababu wale wawili ukiwaachia wanaishia kwenye chai. Nesi alikuwa mwanamke mfupi, sauti kavu. Alipotoa sindano ya homa ya manjano, Mrefu akabadilika rangi.

"Dada, hii ni lazima?" Aliniuliza mimi, si nesi.

"Muulize aliyeishika."

"Bila hii mpakani hupiti," nesi akasema. "Na ukipita kwa ujanja, ugonjwa wenyewe hauna habari na ujanja wako. Kaa chini, baba. Ukianguka kutoka huko juu utanivunjia kabati."

Akakaa, akafumba macho, akaomba nimshike mkono. Mtu anayepanda matangi marefu kuliko nyumba, vidole vyake vilikuwa baridi kama vya maiti. Nilimcheka. Baada ya hapo sikucheka tena kwa muda mrefu.

Kisha nesi akampa kila mmoja pakiti yake ya vidonge vya kuzuia malaria. "Kimoja kila siku, kizima, baada ya kula. Mnaanza kabla ya kuondoka, mnaendelea mkiwa huko, na mkirudi hamuachi mpaka viishe. Usiku chandarua. Jioni nguo za mikono mirefu. Maji yachemshwe. Na mkisharudi, homa yoyote ile, hata ndogo, hata baada ya miezi, mnakimbia hospitali na mnasema mlikuwa wapi. Malaria ya kule inaondoka na mtu huku ndugu zake bado wanamkamulia limao."

Hilo la limao alilisema akiniangalia mimi.

Mimi ni fundi cherehani. Nikawashonea vyandarua, kila mtu chake, upindo mpana chini uweze kubanwa na godoro. Wakaenda. Huku nyuma nikawa mtu wa kushtuka. Simu ikilia nakisukuma kitambaa, nanawa mikono isiyo na uchafu, ndipo napokea.

"Vidonge unameza?"

"Nameza, dada. Kila siku. Mbu wa huku wananguruma kama pikipiki."

Na kumeza alikuwa anameza kweli, hakunidanganya.

Walirudi wote wawili, Pampu amekonda, mchangamfu, na zawadi ya kitambaa, nusu yangu, nusu ya Mrefu. Nilipofungua begi nifue nguo nikakuta chandarua changu kimebaki nusu.

"Hiki kimefanyaje?"

"Kilichanika."

Sasa, kitambaa kilichochanika nakijua, kinaacha nyuzi zinaning'inia. Kile kilikuwa kimepita kisu. Nikamsema kwamba mimi siwezi kukesha nashona, yeye akachujie mafuta ya injini. Akacheka tu, yakaisha.

Siku chache baadaye hakwenda kazini. Nikamkuta uani juani, kajifunika blanketi, meno yanagongana.

"Twende hospitali."

"Mafua, dada. Hii baridi ya kwenu."

"Imekuwa ya kwetu leo?"

"Malaria haiwezi kunipata. Vidonge nimemeza mpaka cha mwisho."

Nilikuwa naogopa mno kiasi kwamba jibu hilo lilinipendeza. Nikarudi kwenye cherehani. Ila mguu ulikanyaga, mkono haukushona. Nilikuwa nasikiliza kikohozi cha nje.

Kesho yake mchana akawa anaungua. Blanketi amelitupa, macho yameingia manjano, ananiita kwa jina la mama. Nilimletea chai na kidonge cha kushusha homa. Akakipokea, akakiuma katikati, akameza kipande kimoja. Kile kingine akakinyoosha mbele, kwenye kigoda ambacho hakikuwa na mtu.

"Chukua, Mrefu," akasema kwa upole kabisa. "Na cha kesho kipo."

Nilikiona kile kipande cheupe kidoleni, nikakiona na kile chandarua kilichopita kisu, vyote kwa pamoja.

"Pampu. Vidonge vyako uligawana na Mrefu?"

"Bomba lilipasuka, dada. Begi lake lilikwenda na maji." Alikuwa ananieleza kama mtoto. "Sasa ningemeza peke yangu, yeye ananiangalia?"

Kwa hiyo kila siku walimeza nusu nusu, wakalala kila mmoja chini ya nusu chandarua, na kinga ikawa haipo kwa huyu wala kwa yule.

Jirani yangu muuza mkaa ana pikapu. Hakuuliza kitu, alimbeba Pampu mgongoni akamlaza katikati ya magunia. Tulifika hospitali sote weusi. Daktari hajafungua mdomo nikamwambia, "Ametoka nchi ya joto, na kinga alimeza nusu." Wakamtoa damu papo hapo. Nilikaa kwenye benchi nikitazama mlango wa maabara. Kila ulipofunguka nilisimama, nikakaa tena. Sikuomba dua ya maana, nilikuwa narudia tu, mkate akate yeye, mkate akate yeye.

Daktari akatoka. "Ni malaria, na imejaa. Tunamtundikia dripu sasa hivi." Akageuka aende, akasimama. "Mama, nusu nyingine alimeza nani?"

Hapo ndipo nilipokimbia.

Mrefu anakaa peke yake, chumba nyuma ya fundi baiskeli. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikagonga, nikaita.

"Sijamwona tangu juzi," fundi baiskeli akasema. "Nilidhani kasafiri tena."

"Vunja."

"Mama, mlango wa watu."

"Vunja, nitaununua."

Alivunja. Mrefu alikuwa sakafuni, kajikunja, maana kitanda hakijawahi kumtosha. Midomo imepasuka. Nikamwekea mkono puani na mwanzoni sikusikia chochote. Kisha akafungua jicho moja.

"Dada," akasema, "si sindano."

Pampu alipata nafuu mapema. Mrefu alikawia. Figo zilikuwa zimechoka, na daktari kila nikimuuliza alijibu "tunaangalia", neno ambalo sitaki kulisikia tena hata dukani. Pampu akiletewa uji anamimina nusu kwenye kikombe, anakiweka pembeni ya kitanda cha mwenzake. Uji unapoa, unafanya utando, mimi jioni namwaga. Nilikuwa namwaga nikigeukia ukuta.

Asubuhi moja nikakuta kikombe kitupu. Niliogopa kuuliza. Nesi huenda ndiye aliyemwaga, na huenda alimwaga kwa sababu hapakuwa tena na wa kuwekewa. Nilisimama pale na chupa yangu ya chai, sitazami kitandani.

"Uji wa hapa hauna sukari," sauti ikasema.

Nikakaa chini sakafuni, na chai yangu, nikalia kama mjinga.

Sasa wameitwa tena kule bondeni. Mrefu amepona na Pampu ameshafunga begi. Nimewashonea vyandarua vipya, na mashati yao nimeyatia mfuko wa ndani wenye kifungo, kila mtu abebe vidonge vyake kifuani. Nimemkalisha mdogo wangu nikamwambia, "Vya mwenzako vikipotea, nyie wote wawili mrudi nyumbani. Usikate. Umesikia?"

"Nimesikia, dada."

Amejibu haraka mno. Namjua.